Kiingereza Hakiandikwi kwa Sikio

Jumatatu, 5 Juni 1995

Nimemaliza bango la duka la Nyegezi kabla jua halijawa kali. Bluu nyuma, herufi nyeupe, kivuli chekundu upande wa chini. Mkono ulikuwa mwepesi leo. Nilirudi nyuma kulitazama, nikajipenda.

Akapita mwalimu mmoja wa sekondari. Akasimama. Akacheka. Mwenye duka akatoka kuuliza kinachochekesha ni nini.

Nilikuwa nimeandika STATIONARY. Duka linauza madaftari na bahasha, kwa hiyo ilitakiwa STATIONERY, yenye e. Ile yenye a maana yake ni kitu kilichokwama, hakiendi mbele wala nyuma. Nimemwandikia mtu juu ya mlango wake kwamba amekwama.

Mwenye duka hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Mama Kulwa, futa." Nikafuta, watu wanaangalia.

Nina hasira. Si naye. Na hiyo a.

Jumatano, 7 Juni

Bango limerudiwa. Hakuna aliyesema limependeza.

Kiwanda cha nguo hakikunifundisha shida hii. Miaka yote niliyokaa chumba cha michoro nilichora khanga: maua, korosho, jogoo, na maneno chini yake. Maneno ya Kiswahili. Kiswahili hakina hila. Unasikia, unaandika. Ukikosea, wewe ndiye umelala.

Walipotupunguza nikabeba brashi zangu, nikafungua kibanda hapa Mkolani, kando ya barabara ya Shinyanga. Sasa biashara ni huria na kila mtu anafungua kitu. Saluni, duka la dawa, baa, nyumba ya wageni. Kila mtu anataka Kiingereza. Ukimwandikia DUKA LA NYAMA anaona umemshusha. Anataka BUTCHERY.

Na mimi ni wa darasa la saba, Magu. Kiingereza changu ni cha kuokota redioni.

Mwaka jana nilimwandikia dada mmoja BEAUTY SALOON. Kumbe yenye o mbili ni kilabu cha pombe, au gari dogo. Ya nywele ina o moja, SALON. Tangu siku hiyo Deus, mchora mabango wa mjini, ananiita Mama Saloon. Jina limetembea. Leo muuza maji naye kaniita hivyo, wala hakuwa anatania. Alidhani ndilo jina langu.

Jumamosi, 10 Juni

Habari kubwa. Mzee Rwegoshora, yule tajiri wa Kagera, anamalizia hoteli yake ufukweni, chini ya Nyegezi. Anataka mchoraji mmoja wa kazi zote: milango, vibao vya njiani, na ukuta mkubwa unaotazama ziwa. Ukuta huo utasomwa na watu walioko kwenye meli.

Mchoraji wa kwanza alimwandikia getini WELL COME, maneno mawili, badala ya WELCOME. Wageni wa kwanza waliokuja kuitazama hoteli walipiga picha na geti. Mzee alifikiri wamependa jengo. Alipojua wanachopiga, alimfukuza mtu huyo siku ile ile.

Kwa hiyo sasa kuna mtihani. Jumamosi ya tarehe 15 Julai. Wachoraji watasomewa maneno kwa mdomo, wayaandike kwenye mbao mbele yake. Hakuna karatasi ya kunakili. Anasema karatasi ya WELL COME iliandikwa na karani wake mwenyewe, na mchoraji alinakili kama kasuku.

Deus amejiandikisha. Fundi Sospeter wa Buhongwa pia. Na mimi.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mkono wangu unamshinda Deus. Herufi zake zinalala upande kama uzio wa miti mibovu. Ila sijawahi kuona bango lake lenye kosa. Hilo lazima niliseme.

Jumapili, 11 Juni

Chakula cha mchana kwa wifi yangu Leokadia baada ya misa. Ndizi na sato. Kwao mume wangu wote wamesoma. Mezani wanaanza kwa Kiswahili, wanapitia Kihaya, wanaishia Kiingereza. Mimi natabasamu na kula.

Njiani kurudi Baba Kulwa akasema, "Si umwombe Leokadia? Anafundisha Kiingereza kila siku ya Mungu."

Nikamwambia bora nimwombe Deus.

Leokadia hajawahi kunitukana. Ni vile anavyoniangalia nikishika kitabu. Kama mtu anayemwona mtoto ameshika kisu.

Jumanne, 13 Juni

Nimeenda kwa Leokadia. Jeuri yangu nimeiacha mlangoni kwake pamoja na kandambili.

Hakucheka. Alinipa kalamu akanisomea maneno. Nikaandika. Akachukua kalamu nyekundu ya shuleni. Ukurasa ukawa kama umechinjiwa kuku.

RECIEVE. SEPERATE. NECCESARY. GOVERMENT. RESTORANT. Na GLAMMAR. Kwa hilo akanitazama.

"Hii ni GRAMMAR, wifi. Yenye r."

"Ndiyo nilichosikia."

"Ndilo kosa lako. Unaandika unachosikia."

"Sasa niandike nini? Nisichosikia?"

"Ndiyo," akasema. "Kiingereza hakiandikwi kwa sikio. Kinaandikwa kwa jicho."

Nimerudi nyumbani nimechoka kuliko siku ya kupaka ukuta. Lakini maneno hayo yamekaa. Jicho ninalo. Nimekula kwa jicho hili tangu nilipoajiriwa.

Ijumaa, 16 Juni

Leokadia anasema nikariri. NECESSARY, NECESSARY, NECESSARY. Nakariri, nikisimama kwenda kuchota maji nasahau. C moja na s mbili, au c mbili na s moja?

Leo alinikaribisha chai. Nikatia sukari kama ninavyotia siku zote, vijiko viwili. Nikabaki nimeshika kijiko hewani.

"Chai moja, sukari mbili," nikamwambia.

"Nimekuona."

"Hapana. NECESSARY. C ni chai. S ni sukari. Chai moja, sukari mbili!"

Akasema huo ni utoto, kwamba chuo cha ualimu hakufundishwa hivyo. Nikamwambia aniulize tena kesho, keshokutwa na mwaka ujao. Sitakosea neno hili mpaka nife.

Nimefurahi kijinga. Nimemwimbia Baba Kulwa wakati anavua viatu.

Jumanne, 20 Juni

Mwaloni asubuhi, kupaka namba kwenye mitumbwi. Kazi ya namba ni raha. Namba hazina tahajia.

Akina mama walikuwa wamekaa kwenye ndoo zao wanapara sato, magamba yanaruka kila mahali. Nikawatazama. Kupara. Para. Neno linalonisumbua ni SEPARATE, kutenganisha, na kila mara naweka e katikati. Mbona jibu liko hapa? SE-PARA-TE. Unatenganisha samaki na magamba yake kwa kumpara. Para iko katikati ya neno, herufi zote nne.

Nilicheka peke yangu. Mama mmoja akauliza kama naumwa.

Sasa nayatafuta kila mahali. RESTAURANT ina AU ya Kiswahili ndani yake: mteja anauliza wali au ugali. GOVERNMENT, n inakuja kabla ya m, kama vile ukitoka mjini unaanza kuipita Nyegezi ndipo ufike Mkolani. ENVIRONMENT nayo ni barabara ile ile. ACCOMMODATION, mahali pa kulala wageni, ni kifungua kinywa chao: chapati mbili, maandazi mawili. C mbili, m mbili.

Na ile STATIONERY iliyonitoa jasho: PAPER inaishia na er, na duka la karatasi linazo er hizo hizo. Yenye a imekwama. Kukwama kunaishia na a.

Jumamosi, 24 Juni

Leo Leokadia kanipa kanuni. I hutangulia e, isipokuwa baada ya c. BELIEVE, FIELD, PIECE: i kwanza. RECEIVE, RECEIPT, CEILING: baada ya c, e inatangulia. Nikagundua kwamba c, e, i zimepangana kama kwenye alfabeti. Akasema, "Hilo sikuwahi kuliona." Wifi yangu! Kuna kitu hakuwahi kukiona!

Nimepita nikisoma mabango ya watu kuanzia Nyegezi mpaka nyumbani. RESTURANT. GROSERY. Mengine ni ya kwangu. Mengine si yangu, nikafarijika vibaya.

Sasa nina kanuni. Namngoja Deus.

Alhamisi, 29 Juni

Siku mbaya.

Wanunuzi wa sangara mwaloni walitaka kibao kikubwa juu ya mizani, kwa ajili ya wakaguzi wanaokuja. FISH WEIGHT. Nikaikumbuka kanuni. Hakuna c hapo, kwa hiyo i kwanza. Sikuuliza mtu. Sikuona sababu ya kuuliza. Nikapiga herufi nzito nyeusi, nzuri ajabu: FISH WIEGHT.

Msimamizi wao amesoma Nairobi. Alisoma mara moja tu.

Hakuniambia nifute. Alituma mtu akamlete Deus. Deus akaja kwa baiskeli, akapanda juu ya kreti, akafunika neno langu kwa rangi yake nyeupe, polepole, huku mimi nimesimama pale na makopo yangu. Alipomaliza akasema, "Pole, Mama Saloon." Kweli alisema pole. Hiyo ndiyo iliyoniua.

Sitaenda kwenye mtihani. Kanuni nimeifuata na kanuni imenigeuka. Lugha gani hii.

Ijumaa, 30 Juni

Sikuchora. Nimelala hadi jua limetoka. Nimepika, nimefua. Sitaki kuona herufi.

Jumamosi, 1 Julai

Leokadia amekuja Mkolani. Tangu niolewe na kaka yake hajawahi kukanyaga kibandani kwangu. Amekuja kwa miguu, vumbi mpaka magotini, amebeba kamusi kubwa imefungwa kwenye kitenge kama mtoto.

Nilimpokea vibaya. Nikamwambia kanuni yake ni ya uongo.

"Ni ya kweli nusu," akasema. "Nilipaswa kukuambia nusu ya pili. Nimekosa."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Ukisikia nimekosa unagombana na nini?

Akakaa kwenye kopo la rangi. Akaniambia kitu ambacho naona hajawahi kumwambia mtu wa kwao. Mpaka leo, kabla ya kuandika COMMITTEE ubaoni, hukiangalia kiganja chake, maana huwa ameliandika hapo kabla hajaingia darasani. Miaka yote hiyo ya ualimu. Akanionyesha kiganja. Palikuwa na alama ya wino wa jana.

Nikamuuliza neno hilo ni nini. Kamati. Nikaliandika kwa chaki. M mbili, t mbili, e mbili.

"Wajumbe wamekaa wawili wawili," nikamwambia.

Alizihesabu kwa kidole. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi na kitenge cha kamusi.

Akaniambia jambo la maana kuliko yote mpaka sasa. "Wifi, wewe hukosei Kiingereza kizima. Unakosea maneno yale yale. Yajue hayo, usiogope lugha nzima." Na kuhusu WEIGHT: funika w, utaona EIGHT. Nane. Namba! Na mimi nasema namba hazinisumbui.

Nitaenda kwenye mtihani.

Jumatano, 5 Julai

Mtindo wangu wa kazi sasa. Nalitazama neno kwenye kamusi kama ninavyotazama ua kabla ya kulichora. Nafumba macho, nalitafuta gizani. Naliandika kwa chaki. Ndipo nafungua kitabu. Nikikosa, silirekebishi herufi moja, nafuta lote na kuanza upya, ili mkono usizoee ubovu.

Nikishamaliza nalisoma kutoka mkiani kuja kichwani, herufi moja moja. Nikisoma kwa kawaida macho yananidanganya, yanasoma ninachotaka kiwepo. Nikisoma kinyume hayana la kutaka. Hili nimelitoa kiwandani. Khanga tulikuwa tunaikagua imegeuzwa juu chini, maana ukiitazama imekaa sawa unaona uzuri tu, kosa hulioni.

Na la mwisho ni gumu kwangu: nikiwa na shaka, niulize. Siku ya WEIGHT sikuwa na shaka hata kidogo. Kwa hiyo niulize hata nisipokuwa na shaka.

Leo nimechora BUSINESS CENTRE ya mtu wa Buhongwa. BUS ipo ndani, maana bila basi bidhaa hazifiki. Nimekagua chaki jana, nimepaka rangi leo. Mteja kaleta mtoto wake wa chuo alikague. Kijana kasoma, katikisa kichwa kukubali. Nimekaa juu ya ngazi kidogo kabla ya kushuka. Nilitaka kupumua.

Jumatatu, 10 Julai

L na r. Hapa ndipo Usukuma wangu unanishika. Leokadia anasema LIGHT na RIGHT, mimi nasikia kitu kimoja. Tumejaribu ulimi juu, ulimi chini. Nimetoa mate tu.

Tumeacha sikio. Sasa nauliza maana kwanza. Ya taa au ya mkono wa kulia? FRY ya kukaanga au FLY ya inzi? Kila moja naipa picha yake. Anayeuza samaki na kuandika FLIED FISH amewaita inzi mezani. Hiyo haisahauliki.

Jioni kidogo nilipita nyuma ya shule anayofundisha Leokadia. Madirisha yalikuwa wazi. Darasa zima linapiga kelele: "Chai moja! Sukari mbili!" Na sauti yake kali juu ya zote: "Tena!"

Nikasimama kwenye kivuli cha ukuta. Mimi wa darasa la saba, Magu. Watoto wote wale.

Sikumwambia kwamba nimesikia. Wala yeye hajaniambia kwamba anaitumia.

Ijumaa, 14 Julai

Ni kesho. Nimeosha brashi ambazo tayari ni safi.

Jumamosi, 15 Julai

Niandike yote kabla sijasahau hata kidogo.

Ua wa hoteli, ziwa liko pale pale chini, upepo unapeperusha kitambaa cha meza. Mbao zimepakwa nyeupe, zimeegemezwa ukutani kwa mpangilio. Mzee Rwegoshora kwenye kiti, kanzu na koti. Sote tukampa shikamoo, akaitikia bila kututazama. Leokadia alikuja na Baba Kulwa, wakasimama nyuma pamoja na mafundi wa ujenzi waliotaka kuona. Deus suruali imenyooshwa. Sospeter anahesabu brashi zake mara ya tatu. Hiyo ilinisaidia.

Meneja ndiye msomaji. Ni Msukuma mwenzangu, wa Kwimba. Alipofungua mdomo tu nikajua leo kuna kazi.

RECEPTION. Sawa kwa wote.

RESTAURANT. Wali au ugali. Nikaandika sijafikiri mara mbili.

Kisha meneja akasema, "Raundri."

Nilisikia r. Masikio yote mawili yalisikia r. Sospeter akaanza kuchora r kubwa nyekundu. Mimi nikamuuliza meneja, "Samahani, hapo wageni wanafanya nini?" Akasema wanafuliwa nguo. Basi. LAUNDRY, yenye l, na AU ile ile ndani yake. Nyuma nikasikia Leokadia anapumua.

ACCOMMODATION. Chapati mbili, maandazi mawili. Nadhani nilitamka kwa sauti, maana fundi mmoja wa ujenzi alisema na yeye ana njaa. Deus naye alipata, herufi zake zote ziko mahali pake. Anajua kazi yake.

MAINTENANCE. Hapa ndipo. Ukisikia MAINTAIN unataka kuiandika nzima kisha uongeze mkia. Deus akafanya hivyo: MAINTAINANCE. Niliona anapoandika, nikafurahi, kisha nikaogopa labda mimi ndiye nimekosea, maana yeye hakosei kamwe. Nikausoma ubao wangu kutoka mkiani. E, C, N, A, N, E, T. Kuna TEN katikati, kumi kamili. Nikaacha kama ilivyo.

Neno la mwisho. Meneja akasema, "Leki kruzezi." Mzee akaeleza kwamba ni safari za kutembeza wageni ziwani kwa boti.

LAKE nikaandika. L, ziwa, sina shaka. La pili sikulijua. Sijawahi kuliona popote. Nikafumba macho, gizani hakuna kitu. Deus anaandika. Sospeter anaandika. Mikono yangu ikaanza kutaka kuandika kinachosikika. Nikaweka brashi chini.

"Mzee, neno hili silijui," nikasema. "Naomba kuliangalia."

Nikachukua kikapu changu cha brashi na kutoa kamusi ya Leokadia, iko kwenye kitenge chake.

Deus akageuka. "Hapana! Huko ni kuibia!"

Mafundi wakaguna. Meneja akamtazama Mzee. Mimi nilisimama na kitabu mkononi, masikio yanawaka moto, nikifikiri sasa nitatolewa nje mbele ya wifi yangu na mume wangu.

Mzee Rwegoshora akamuuliza Deus taratibu, "Siku ya kuandika ukuta wangu, huyu mama atakuja bila kikapu?"

Deus alishusha brashi yake.

"Nilisema hakuna karatasi ya kunakili. Sikusema mtu akatazwe kujua. Angalia, mama."

Nikaangalia. Vidole vilikuwa vinateleza kwenye kurasa. CRUISE. Ina u na i ambazo hakuna sikio la mtu lingeziokota. Nikalitazama kama ua. Nikafunga kitabu. Nikaandika CRUISES, bluu, na mkia wa s ya mwisho nikauvuta kidogo kama wimbi, kwa sababu niliweza.

Mzee akainuka, akapita ubao kwa ubao na kamusi yangu mkononi. Kwa Sospeter alisimama kwenye RAUNDRY, akatikisa kichwa. Kwa Deus alisimama kwenye MAINTAINANCE, kisha CRUSES. Kwangu alipita mara moja, akarudi, akapita tena. Alikuwa anatafuta. Nilimwona anatafuta. Hakupata.

"Ukuta ni wako," akasema.

Baba Kulwa alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kutoka kwa Mhaya. Leokadia hakupiga kelele. Alikuja mbele ya watu wote na kunishika mkono ule wenye rangi, akachafuka bluu mpaka kwenye mkono wa blauzi yake ya kanisani, na hakujali. "Umeniaibisha kwa furaha," akasema. Sijui ni Kiswahili cha wapi. Nimekielewa.

Deus alikuwa anafunga makopo yake. Nikadhani ataondoka hivyo hivyo. Akaja. Akasema, "Mama Kulwa, nikikwama na neno, nitapita kwako kuazima kikapu."

Nikamwambia karibu. Nilimaanisha.

NIMESHINDA. Nimeliandika kwa herufi kubwa kwa sababu ni Kiswahili na sihitaji kulikagua.

Jumanne, 18 Julai

Watu wamenijaa kibandani tangu asubuhi. Nusu wanataka mabango, nusu wanataka kusikia hadithi. Mwenye duka la Nyegezi amekuja kuniagiza bango la duka la pili. Ametaka niandike nitakavyo, atalisoma likishakauka. Mwingine analo jina la baa analotaka liwe na z mbili kwa sababu zinapendeza. Nimemweleza. Amekataa. Nimemwambia basi ataandika mwenyewe. Mimi, kukataa kazi! Baada ya kuzunguka Mkolani yote amerudi, amekubali z moja.

Jumatano, 2 Agosti

Ukuta umekwisha.

Siku zote hizi nimekuwa juu ya jukwaa la miti, upepo wa ziwa unanipiga mgongoni, harufu ya dagaa wanaoanikwa inapanda mpaka juu. Herufi moja ni ndefu kuliko mimi. M mbili za ACCOMMODATION nilizichora kwa kutembea. Kila jioni nilipiga chaki, kila asubuhi niliisoma kinyume kabla sijafungua kopo. Mafundi walizoea. Mmoja alianza kuniitikia herufi kutoka chini.

Nilipomaliza nilishuka, nikatembea mpaka majini, nikageuka. ACCOMMODATION. RESTAURANT. LAKE CRUISES. Nyeupe juu ya bluu.

Meli ilikuwa inaingia kutoka Bukoba. Abiria walisimama kwenye reli. Nikaona mtu mmoja ananyoosha kidole, na midomo yao inasoma. Hakuna aliyecheka. Walisoma tu, wakaendelea na safari yao.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Watu wasome, waendelee.

Jumapili, 6 Agosti

Mama amekuja kutoka Magu kuangaliwa macho. Ya mbali anaona vizuri, ya karibu ndiyo yanamsumbua. Baada ya misa nikamchukua hadi ufukweni. Tukakaa kwenye mawe, tukautazama ukuta. Ziwa lilikuwa limetulia.

Mama hajui kusoma. Akauliza pameandikwa nini. Nikamwambia kwa Kisukuma: pana mahali pa kulala, pana chakula, pana boti za kutembelea ziwani. Akawa anaitikia kwa kichwa kila moja.

Kisha akauliza, "Na wewe uko wapi hapo?"

Sikumwelewa.

"Jina lako."

Wachoraji wote huweka jina lao chini pembeni. Mimi sijawahi. Nilikuwa naogopa kosa likionekana, lijulikane ni la nani. Hilo sikumwambia Mama.

Mlinzi akanifungulia stoo. Nikapata brashi nyembamba na rangi nyeupe iliyobaki. Mama alinishikia kopo kwa mikono miwili. Nikachuchumaa, nikaandika KABULA. Jina alilonipa kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha. Linaandikwa kama linavyosikika.

Akagusa pembeni yake kwa kidole, si juu ya rangi. Tulikaa pale mpaka ikakauka.